Treni ya Brighton: tiketi ipi ununue kwa mapumziko mafupi

Kutoka stesheni ya London Victoria, treni hufika Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, kwa muda wa saa moja hivi. Ukitoka stesheni unateremka na Queens Road moja kwa moja, robo saa kwa miguu, umefika ufukweni. Huhitaji gari wala teksi. Nauli ya treni ndiyo inayowaumiza ndugu zetu wengi huku Uingereza, kwa sababu kiti kilekile kwenye treni ileile huuzwa kwa bei kadhaa, na mashine ya tiketi haikuelezi tofauti yake.

Kabla ya kutafuta bei ndogo kuliko zote, jiulize kwanza utarudi saa ngapi. Baharini hali ya hewa ndiyo inayoamua. Mvua ikiingia saa nane mchana utataka kuondoka. Na mwezi wa Juni, jua linapokawia hadi baada ya saa tatu usiku, hutaki kuondoka saa kumi na moja kwa sababu tiketi imekulazimisha. Nimezipanga tiketi hizi kwa kuangalia uhuru huo kwanza, kisha bei.

Namba moja: Off-Peak ya kwenda na kurudi, yenye punguzo. Siku za kazi haikubaliki asubuhi na mapema watu wanapokwenda kazini. Jumamosi na Jumapili inafanya kazi siku nzima. Unapanda treni yoyote ndani ya saa hizo. Ila usiinunue kwa bei kamili kama una njia ya kupata punguzo, na njia zipo.

Mkiwa watu wazima watatu hadi tisa mnaosafiri pamoja, chagueni GroupSave wakati wa kulipa. Inapunguza theluthi moja ya nauli, na hakuna kadi ya kununua. Kundi la kanisa, marafiki wa chuo, shangazi na wapwa zake: hii ndiyo yenu. Sharti ni kwamba mwende pamoja na mrudi pamoja, kwa hiyo anayetaka kubaki nyuma na anunue yake.

Familia inayotoka mara kwa mara itafaidika zaidi na Network Railcard, kadi ya mwaka mzima kwa eneo la kusini mashariki. Tangu Machi 2025 bei yake ni pauni 35. Mwenye kadi hupata punguzo la theluthi, pamoja na watu wazima watatu anaosafiri nao, na watoto wanne wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60. Piga hesabu: kadi hurudisha fedha zake nauli za watu wazima zikifika pauni 105, na baba, mama na babu wanaokwenda pwani mara chache kiangazi hufika hapo upesi. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa nne asubuhi, na kuna kiwango cha chini cha nauli. Wikendi vizuizi hivyo havipo. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi chochote, kwa hiyo usimkatie tiketi.

Namba mbili: tiketi ya treni za Thameslink peke yake. Treni hizi hupita London kwenye stesheni za St Pancras, Farringdon, Blackfriars na London Bridge. Zinasimama vituo vingi zaidi, lakini bei yake iko chini. Kwa anayeishi Luton, Bedford au St Albans ningeiweka ya kwanza, maana anapanda nyumbani na kushuka Brighton bila kubadili treni.

Hapa angalia tiketi yenyewe, sehemu iliyoandikwa Route, yaani njia. Ikiwa imeandikwa Any Permitted, panda ya kampuni yoyote. Ikiwa Thameslink Only, usikubali kuvutwa na treni ya Victoria iliyo tayari kuondoka jioni. Mkaguzi anaweza kukutoza faini ya pauni 100 juu ya nauli, na fedha hiyo ingewalisha watu kadhaa chipsi na samaki.

Namba tatu: Advance. Bei yake ni ndogo, ila ni ya treni moja tu uliyoichagua, na ukighairi hurudishiwi fedha. Naipenda kwa safari ya kwenda, kwa sababu saa ya kuondoka nyumbani unaijua. Ya kurudi inunue kando, iwe ya kubadilika. Linganisha jumla yake na ile ya kwenda na kurudi kabla ya kulipa.

Ya mwisho: Anytime, tiketi ya saa yoyote. Ni ya mwenye shughuli ya asubuhi na mapema. Kwa mapumziko, iache.

Ukilala usiku mmoja, hakikisha tiketi haina neno Day. Ile ya Day Return lazima urudi nayo siku hiyohiyo. Oyster, kadi ya usafiri ya London, nayo isikudanganye: upande huu inaishia uwanja wa ndege wa Gatwick.

Nunua kwenye tovuti ya kampuni ya treni, kwa kuwa wauzaji wengine huongeza ada yao. Jumapili angalia ratiba kabla ya kulipa, kwani njia hii hufungwa mara nyingi kwa matengenezo na abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Ukichelewa kufika kwa dakika 15 au zaidi, dai fidia ya Delay Repay. Ni haki yako, na fomu yake ni fupi.

Baada ya kituo cha Balcombe acha simu, utazame nje: treni inavuka bonde la mto Ouse juu ya daraja la matofali lenye matao 37, lililojengwa reli ilipofika Brighton mwaka 1841. Na kwa sisi tuliozoea mchanga wa Diani au Nungwi, ufuko wa Brighton ni kokoto tupu, zinazoteleza na kuumiza nyayo. Vaa viatu vya kuingia navyo majini, na mtoto umbebee jozi ya pili ya soksi.