Skrini nyeusi baada ya kuongeza kasi ya prosesa: jampa au betri?

Njia zote mbili, kugusanisha pini za jampa au kutoa betri ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), hufuta mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, iliyoikwamisha. Kwanza chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Ukiruka hatua hii unaweza kuunguza mazabodi.

Mimi huanza na jampa. Tafuta kwenye mazabodi pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1, uziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10 hivi. Basi.

Kutoa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, hakukusumbui kutafuta pini, ila mara nyingi betri imejificha chini ya kadi ya grafiki, na inabidi ikae nje angalau dakika 5.

Ukiwasha, subiri: RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kujipima upya, skrini ikiwa bado nyeusi.