Pilipili kali za bustani ya nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Pakiti ya gramu 5 ya mbegu za pilipili huwa na mbegu zaidi ya 600. Familia ya watu sita wanaokula pilipili kila siku hutosheka na miche mitatu. Kwa hiyo mnunuzi wa nyumbani asitafute pakiti kubwa, na wala asichague kwa picha ya mbele au kwa sababu muuzaji amesema "hii ndiyo kali kweli". Uamue kwa vitu viwili: chakula kinachopikwa kwako, na joto la mahali unapokaa, hasa la usiku.

Angalia na jina. Leo ukisema pilipili hoho, wengi wanakuelewa ile nene isiyowasha, lakini katika Kiswahili cha zamani hoho ilikuwa ndiyo inayowasha. Kwenye pakiti majina huwa ya kigeni: pilipili mbuzi huandikwa Habanero au Scotch Bonnet, pilipili ndefu huandikwa Cayenne, na pilipili kichaa huandikwa Bird's Eye. Muulize muuzaji umbo la tunda, urefu wake, na kama linaning'inia au linatazama juu.

1. Pilipili kichaa

Tunaiweka ya kwanza kwa sababu ukiinunua mara moja unavuna miaka. Mti wake, ukitunzwa, huzaa miaka miwili hadi mitatu. Ukishamaliza mavuno makubwa, ukate matawi ubakize kama sentimita 40 kutoka ardhini, uweke samadi, nao utachipua upya. Tunda ni dogo, sentimita 1 hadi 3, na nyama yake ni nyembamba, kwa hiyo hukauka juani bila kuoza. Ukali wake ni kama 50,000 hadi 100,000 kwa kipimo cha Scoville. Inakubali vizuri joto la Tanga, Mombasa au Unguja.

Udhaifu wake ni uvivu wa mwanzo. Mbegu huchukua siku 14 hadi 28 kuota, na wengi humwaga udongo wa kitalu siku ya kumi na mbili wakidhani zimekufa. Mavuno ya kwanza huja miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamisha mche. Halafu kuna ndege: wao hawahisi muwasho wa pilipili kabisa, na matunda yakianza kuwa mekundu watayamaliza. Funika mti kwa chandarua cha zamani.

2. Pilipili mbuzi

Kwa harufu hakuna inayoifikia. Ukiitumbukiza nzima na kikonyo chake katika maharage ya nazi au supu, ukaitoa kabla haijapasuka, chungu kizima hunukia na hata asiyependa muwasho atakula. Ikipasuka, mambo hubadilika: ukali wake ni 100,000 hadi 350,000. Kwa achari na pilipili ya kusaga na ndimu, ndiyo tungechagua.

Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu inasumbua. Utitiri huipenda mno, na majani machanga hujikunja kwenda chini, yakawa magumu na membamba. Msimu wa mvua nyingi tunda hupata chule, yaani madoa ya mviringo yaliyobonyea, kwa kuwa limejikunjakunja na hushika maji. Usimwagie majani maji; mwagia shinani, na uipande mahali penye upepo. Kwenye baridi ya Lushoto au Limuru hudumaa, kwani usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 maua huanza kudondoka. Wa huko waruke hadi namba tatu.

3. Pilipili ndefu

Hii ndiyo ya mwenye haraka na mkazi wa milimani. Huvunwa siku 70 hadi 80 baada ya kuhamisha mche, ukali wake ni 30,000 hadi 50,000, na ndiyo inayotoa unga mzuri mwekundu. Inahitaji mti wa kuegemea, kama mita moja, uchomekwe siku ile ile ya kupanda ili usije ukakata mizizi baadaye. Chotara, zile zenye alama ya F1, zina faida kwa anayeuza sokoni kwa sababu matunda hulingana. Kwa matumizi ya jikoni hazina ulazima, kwani mbegu utakazotunza mwenyewe hazitatoa mti uliofanana na mama.

4. Jalapeno

Ni ya nyumba yenye watoto, na ya wanaopenda pilipili ya siki. Ukali ni 2,500 hadi 8,000 tu. Nyama yake ni nene, kwa hiyo usijaribu kuianika nzima juani, itaota ukungu. Michirizi ya kahawia kama makovu kwenye ngozi ni tabia yake, si ugonjwa. Lakini doa jeusi kwenye kitako ni kuoza kitako: tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi udongo unayo ila umemwagiliwa leo ukasahauliwa siku tatu.

5. Zile za kuvunja rekodi

Carolina Reaper iliingia katika rekodi ya dunia ya Guinness mwaka 2013, ikiwa na ukali wa zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2023 ikapitwa na Pepper X yenye 2,693,000. Usianze nazo. Huchelewa na hudai joto la kutulia, na tunda moja ni zaidi ya mahitaji ya jiko la kawaida. Pepper X ilipotangazwa mbegu zake hazikutolewa kuuzwa, kwa hiyo ukikuta pakiti yenye jina hilo, jiulize imetoka wapi.

Mbegu, miche, au pilipili ya sokoni?

Ukitaka miti miwili au mitatu, nunua miche. Mche mzuri una sentimita 10 hadi 15, majani matano au sita, na shina lisilosinyaa pale linapogusa udongo. Likisinyaa ni kinyaushi, hautapona. Pindua majani utazame upande wa chini: inzi weupe, vidukari na mayai yao hukaa hapo. Majani yaliyojikunja kwenda juu kama mtumbwi ni kazi ya vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Mwombe muuzaji autoe mmoja kwenye trei. Mizizi iwe myeupe. Ikiwa ya kahawia na imezunguka kama kamba, mche umekaa sana. Mche wenye maua tayari usiufurahie. Ukiuchukua, yanyofoe yote ili nguvu iende kwenye mizizi.

Ukinunua mbegu, chukua pakiti ndogo kuliko zote, na usome tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji kabla ya bei. Mbegu ya pilipili hushika nguvu miaka miwili hadi mitatu ikitunzwa pakavu na pa baridi, si kwenye kibanda cha bati kinachopigwa na jua. Tafuta lebo ya taasisi ya serikali inayokagua ubora wa mbegu: Tanzania ni TOSCI, Kenya ni KEPHIS. Mbegu za kupima kwa kijiko kutoka mfuko uliofunguliwa ziache. Zikiwa na rangi ya waridi au buluu, zimepakwa dawa: nawa mikono na ziwekwe mbali na watoto.

Pilipili ya sokoni ni njia halali kwa kichaa na mbuzi, mradi utambue kwamba hujui mama yake. Chagua tunda lililoiva kabisa, lisilo na doa, toa mbegu, zianike kivulini siku tano. Za tunda lililokaushwa motoni usizipande.

Kabla ya kusia, jaribu: mbegu kumi ndani ya karatasi laini yenye unyevu, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, ikae penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Zikiota chini ya sita baada ya wiki tatu, sia mara mbili ya unazohitaji.

Kupanda

Sia kina cha nusu sentimita. Hamisha baada ya wiki sita hadi nane, jioni. Ndoo ya lita 20 inabeba mti mmoja, si miwili. Itoboe matundu sita chini, jaza udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, na mchanga sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ardhini acha sentimita 45 kati ya mche na mche, na 60 kwa kichaa. Usipande palipokuwa na nyanya, bilinganya au viazi mviringo msimu uliopita: mnyauko wa bakteria ni wao kwa wao, na mti hunyauka ghafla ungali wa kijani. Hapo hakuna dawa. Ung'oe pamoja na mizizi na udongo wake.

Mti mnene, majani ya kijani kibichi, na hakuna tunda? Umelishwa urea kupita kiasi. Acha mbolea hiyo. Kwenye ndoo, kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK kila wiki nne kinatosha, kisimwagwe kikagusa shina. Maua yakidondoka wakati wa jua la nyuzi 35, hamishia ndoo kwenye kivuli cha kuanzia saa sita mchana, uweke matandazo ya nyasi kavu.

Kuna wanaoogopa kupanda mbuzi karibu na hoho isiyowasha wakidhani hoho itakuwa kali. Tunda la msimu huu halibadiliki, kwa kuwa nyama yake ni ya mti uliolizaa. Kinachoweza kuchanganyika ni mbegu zilizomo ndani, kwa hiyo hofu hiyo ni ya anayetunza mbegu tu.

Vuna kwa mkasi, ukiacha kikonyo, maana tawi la pilipili hukatika upesi ukilivuta. Vaa glavu au paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kupasua mbuzi. Muwasho hukaa hasa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, nao hauyeyuki kwa maji. Ukiungua mdomo, chukua maziwa au mtindi.