LibreOffice au Microsoft Office kwa laptopu ya zamani?
Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu, na kazi yake kubwa ni barua na mihutasari ya kikao cha kikundi. Microsoft Office ya kusakinisha ni ya kulipia. LibreOffice, programu ya kazi hizohizo iliyochipuka kutoka programu ya OpenOffice mwaka 2010, ni ya bure. Ukishaipakua, bando likiisha unaendelea kuandika.

Kasheshe ni kubadilishana faili. Barua iliyoandikwa kwa fonti (muundo wa herufi) ya Calibri si taabu: LibreOffice huweka badala yake fonti ya Carlito, yenye upana uleule, mistari isihame. Majedwali ndiyo mtihani; safu zikisogea kidogo, sehemu ya saini inarukia ukurasa wa pili, peke yake! Mimi hutuma PDF, yaishe. Ila mkihariri faili moja kwa zamu na wenye Word, changeni mlipie Office.