QuickFacts: takwimu za Milwaukee kwa mtumiaji wa Mwanza

Ukurasa wa QuickFacts wa Ofisi ya Sensa ya Marekani ni wa bure na hautaki akaunti. Mwanafunzi wa Nyegezi anayelinganisha Mwanza na jiji la Marekani lililo kando ya ziwa, kama Milwaukee, hana pa haraka zaidi pa kuanzia. Ila una mitego.

Wa kwanza uko kwenye kutafuta. Andika Milwaukee, utaletewa jiji na kaunti. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 577,222 jijini, na 939,489 kaunti nzima. Ni kama huku: ukisema "Mwanza" tu, unasema mkoa, wilaya ya Nyamagana peke yake, au wilaya za Nyamagana na Ilemela pamoja? Jedwali hupokea maeneo hadi sita. Kwenye simu weka mawili, yanatosha.

Kwenye rangi za watu ndipo ripoti nyingi huharibika. Ulatino hauhesabiwi kama rangi, hivyo Mlatino mweupe yumo kwa Wazungu na kwa Walatino pia. Ukijumlisha mistari yote, asilimia inapita 100. Tumia mstari wa Wazungu wasio Walatino. Upande wetu usihangaike kutafuta kabila: sensa ya mwisho kuliuliza ni ya 1967. Na herufi Z ndani ya jedwali si sifuri. Thamani ipo, ila haifiki nusu ya kipimo kinachoonyeshwa.

Wamarekani humhesabu mtu anapoishi kwa kawaida, basi mwanafunzi wa bweni ni wa mji wa chuo. Sensa yetu ya 2022 ilimhesabu mtu alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mvuvi wa Kirumba aliyelala dagoni (kambi ya wavuvi) Ukerewe akawa wa Ukerewe. Lisemeni hili kwenye ripoti, maana jedwali halitawasemea.

Ona namba zinavyoweza kudanganya: Milwaukee mwaka 2010 ilikuwa na watu 594,833, Nyamagana mwaka 2022 ikawa na 594,834. Pacha kabisa! Kumbe mmoja anashuka kutoka 741,324 wa mwaka 1960, mwingine amepanda kutoka 363,452 wa 2012. Hiyo ya 1960 QuickFacts haina; inaonyesha miaka ya karibuni tu, na hapo ndipo inapokera.

Makadirio ya idadi ya watu ya kila Julai hurekebishwa kila mwaka na ya zamani huondolewa, kwa hiyo pakua faili na uandike tarehe siku ile ile.