Mwalimu wa piano Tabora aliyemfunikia mwanangu kinanda mbele za watu

Naandika nikiwa na hasira bado na sitaki kungoja ipoe, maana tangu lile onyesho la wanafunzi kila nikisema niachane nalo linarudi. Kama unatafuta mwalimu wa piano hapa Tabora mjini, yani ile piano ya kusoma stafu kabisa, nota za kwenye mistari mitano, nyimbo za kina Bach na Mozart, sio kubonyeza pambio, utaelekezwa kwa huyu tu. Jina simtaji, wanaomjua wanamjua. Soma kwanza kabla hujampeleka mtoto.

Binti yangu yuko darasa la tano. Kaanza kwake mwaka juzi hivi. Mi mwenyewe napiga kinanda kanisani miaka mingi, kwa sol-fa, yani ile do-re-mi, na kwa sikio, na nilitaka mtoto apate kile ambacho mimi sikupata.

Siku ya onyesho ukumbi umejaa, viti vya plastiki, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu, mabibi wamekuja. Mwanangu anapiga ile Minuet ya G meja, wimbo mfupi wa dansi ya zamani ambao kila mwanafunzi wa piano duniani anapitia. Imegawanyika nusu mbili, baa 16 na baa 16 (baa ni kile kipande kati ya mstari wima na mstari wima kwenye nota), na mwisho wa kila nusu kuna vidoti viwili vinavyosema rudia. Akapiga nusu ya kwanza vizuri sana, mkono wa kushoto unaimba wenyewe, halafu badala ya kurudia akaingia nusu ya pili moja kwa moja. Basi. Hilo ndo kosa lake lote. Hakuna nota iliyokosewa, mapigo matatu yanaenda sawasawa, na alikuwa anakaribia pale C shapu, yani C iliyopandishwa nusu sauti, inapoingia na muziki unatoka G unahamia D, sehemu aliyoihangaikia nyumbani mpaka usiku.

Mwalimu akanyanyuka kitini. Akaenda mpaka kwenye piano, akasema kwa sauti ukumbi mzima unasikia, "Rudi mwanzo, nani kakutuma huko?" Mtoto hakuelewa, akaendelea kidogo, na yeye akashusha kifuniko. Akakishusha vidole vya mtoto vikiwa bado vinatoka! Halafu akatugeukia sisi wazazi, "Ndo shida ya hawa watoto wa kwaya, wanapiga kwa kukariri." Mama mmoja pembeni yangu akamwambia, "Mwalimu, si umwache mwanetu amalizie jamani," akajibiwa, "Mama, hapa sio kanisani."

Mtoto alishuka pale jukwaani anatetemeka. Watu wengine wakawa wanaangalia chini.

Sasa tuongee muziki, maana yeye ndo kajifanya mwenye muziki. Kuruka marudio ni kitu wapiga piano wakubwa wanafanya kwenye matamasha na kwenye rekodi kila siku, wengine wanarudia, wengine hawarudii, hakuna anayesimamishwa katikati. Kama alitaka yarudiwe angemwambia mtoto taratibu baadae nyumbani kwake, Jumamosi ijayo, kwa penseli kwenye karatasi. Na ile karatasi ya ratiba aliyotugawia mlangoni, kaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Minuet ile ni ya J. S. Bach. Sio ya Bach. Imo kwenye daftari la mke wake Anna Magdalena la mwaka 1725, ndo maana watu walimpa Bach miaka na miaka, lakini mtunzi ni Christian Petzold, mpiga ogani wa Dresden, na hilo linajulikana tangu miaka ya 1970. Hakuna mzazi aliyesimama kumfunikia yeye karatasi yake usoni.

Halafu hii dharau ya "watoto wa kwaya". Sol-fa anayoicheka imetoka hukohuko Uingereza anakokuheshimu, aliianzisha mama mmoja mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, akaja John Curwen akaiboresha akaisambaza. Kwaya zetu zinaimba sauti nne kwa sol-fa, watu ambao hawajawahi hata kugusa piano wanasoma wimbo mpya wanauimba siku hiyohiyo. Mtoto aliyekulia humo anakuja na masikio tayari. Mwalimu mwenye akili angeshukuru.

Sasa na mimi nisiwe mwongo kwa hasira. Kazi anaijua. Wapiga vinanda wengi wa makanisani huku tunajua kii moja, yani kila wimbo tunaupigia sauti ileile, ukibadilishiwa sauti unabonyeza kile kitufe cha transpozi kinachopandisha au kushusha sauti yote, maisha yanaendelea, na mtoto alikuwa ameshaanza tabia hiyo kwenye kinanda chetu cha nyumbani. Huyu bwana alimkataza kabisa. Saivi anapiga skeli, yani ngazi za sauti, za G, D, A na F kwa mikono yote miwili, na dole gumba linapita chini ya vidole bila bega kupanda. Alimfundisha kupiga mkono mmoja mmoja kwanza, polepole, akihesabu kwa sauti, kabla ya kuunganisha. Alimfundisha kupiga kwa uzito wa mkono, maana kinanda cha nyumbani vibonyezo vyake vyepesi na nguvu unayotumia haibadilishi kitu, ila kwenye piano nyundo inagonga uzi na ukigonga kwa hasira inasikika hasira. Hayo yote nimeyaona kwa macho yangu. Ada yake nayo sio ya kuua mtu. Hivyo ningekuwa naandika kabla ya ile siku ningewaambia pelekeni watoto wote, na hata juzi nilivyoanza kuandika nilitaka kusema hivyohivyo, fundi mzuri ila mdomo mbaya, vumilieni.

Lakini nilimpigia simu. Nikamwamkia vizuri, nikamwambia mwalimu, mi sina ugomvi, naomba tu uongee na mtoto, tangu siku ile hajasogelea kinanda. Unajua kanijibu nini? "Baba, piano ina nidhamu yake, kama mwanao analialia mpeleke akacheze ngoma." Halafu akakata.

Ngoma! Hapa Unyamwezini, unamwambia mtu ngoma kama tusi!

Basi uvumilivu uliishia hapo. Ufundi gani huo wa kufundisha vidole halafu unavitisha visirudi kwenye piano? Mtoto wa umri ule akisimamishwa mbele ya bibi yake, kesho akikaa kwenye piano anamsikilizia mwalimu mgongoni, muziki hausikilizi tena. Skeli zote nne hazina maana.

Tatizo ni kwamba jana jioni nimemkuta sebuleni, sauti kaipunguza, anapiga ileile Minuet, na anarudia kila nusu. Nikamuuliza unataka kurudi kwa mwalimu? Akasema ndio baba, hajanimalizia ile Minuet nyingine, ya G maina. Kweli ipo, inafuatana na hii kwenye daftari lilelile, na ni nzuri, ina huzuni. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini, kusema kweli. Ada ya muhula huu imeshalipwa. Jumamosi ntampeleka na ntakaa humohumo chumbani, sitoki nje kama alivyotuzoesha, na ntamwambia mbele ya mtoto kwamba anadaiwa msamaha, na autoe pale ukumbini mbele ya wazazi walewale. Akikataa natoka na mwanangu. Na kama kuna mtu anamjua mwalimu mwingine wa stafu Tabora hii, au hata Nzega au Urambo, mwanaume au mwanamke, anayeweza kumsubiri mtoto afike mwisho wa wimbo, tafadhali aniandikie hapa.