Hifadhi ya Jarida la Transition: Usianzie Makala, Anzia Barua

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma matoleo ya zamani ya Transition, jarida la Kiingereza lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana mzaliwa wa mji huohuo. Matoleo hayo yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na yanapatikana mtandaoni kupitia maktaba za vyuo vikuu.

Sifa kubwa ya hifadhi hii ni kwamba maandishi ya kila namna yanakaa pamoja na kujibizana. Humo mna hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o wa siku alipokuwa bado akiitwa James Ngugi, mna mashairi ya Christopher Okigbo, uhakiki wa vitabu na insha za siasa. Mwaka 1966, miezi michache baada ya Kwame Nkrumah kupinduliwa, Ali Mazrui, Mmombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, alimpima kiongozi huyo kwa mizani ya Lenin na ya wafalme wa Urusi kwa pamoja. Wasomaji wakachachamaa, na hasira yao imehifadhiwa katika kurasa za barua.

Kurasa hizo za barua ndizo ninazozithamini kuliko zote. Mwaka 1963 Obi Wali, mhakiki wa fasihi kutoka Nigeria, aliandika kwamba fasihi ya Kiafrika inayotungwa kwa lugha za Ulaya imeshika njia isiyotokea, na majibu yakamiminika, hata Chinua Achebe akaja kutetea Kiingereza chake katika makala ya mwaka 1965. Kwa sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili, mjadala huo unatuhusu moja kwa moja, na inaniuma kwamba ulifanyika kwa Kiingereza kitupu. Nayo barua ya mbunge Abu Mayanja, iliyochapwa mwaka 1968 na kugusa uteuzi wa majaji Waafrika nchini Uganda, ilichangia yeye na Neogy kutiwa kizuizini mwaka huohuo. Nilipoisoma nikijua yaliyomfika mwandishi wake, niliacha kabisa kuzihesabu barua kuwa nyongeza ya jarida.

Baada ya hapo jarida lilihamia Accra mwaka 1971, Wole Soyinka akawa mhariri wake, likasimama mwaka 1976 na kufufuliwa Marekani mwaka 1991. Matoleo ya Marekani ni mazuri, lakini mabishano ya watu wanaokutana mtaa mmoja siyasikii tena humo.

Kasoro ya hifadhi iko katika mpangilio wake. Kila andiko limekatwa likawa faili lake, hivyo anayetafuta kwa jina la mwandishi hulipata shairi likiwa peke yake, asijue lilichapwa kando ya ugomvi gani, na barua zilizo fupi humpita kabisa kwa kuwa waandishi wake wengi hawana majina makubwa. Pia asiye na chuo kilicholipia hupata taabu kuingia, ilhali msomaji wa Kampala au Dodoma ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya kurasa hizi.

Kwa hiyo namshauri anayeanza aache kisanduku cha kutafutia, achague toleo moja la miaka ya 1963 hadi 1968, alifungue tangu jalada, kisha asome barua kabla ya kitu kingine chochote.