Ripoti ya mtiririko wa fedha ya QuickBooks Desktop: nzuri kwa mkaguzi, haimtoshi mwenye duka

Ripoti ya mtiririko wa fedha ya QuickBooks Desktop, programu ya uhasibu ya kompyuta, hutumia njia isiyo ya moja kwa moja tu. Inaanza na faida halisi, kisha inapanga mabadiliko ya wadaiwa (wateja ambao hawajalipa), bidhaa na wadai (wauzaji wa bidhaa ambao duka halijawalipa) hadi ifike kwenye fedha. Ukitaka njia ya moja kwa moja, yaani wateja wamelipa kiasi gani na wauzaji wamelipwa kiasi gani, itabidi uijenge mwenyewe kwenye Excel.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, kwa milioni za shilingi, kodi tukiiacha pembeni. Mauzo 120, gharama ya bidhaa zilizouzwa 80, matumizi mengine 22 (uchakavu 4 ukiwa humo, yaani kushuka kwa thamani ya mali, kusikotoa fedha), faida 18. Wadaiwa wameongezeka 9, bidhaa ghalani 6, wadai 3. QuickBooks, ikishafanyiwa marekebisho yaliyo hapa chini, itakupa fedha za uendeshaji 18 + 4 − 9 − 6 + 3 = 10.

Kwa njia ya moja kwa moja, wateja wamelipa 120 − 9 = 111. Manunuzi ni 80 + 6 = 86, na kwa kuwa deni kwa wauzaji limekua kwa 3, waliolipwa ni 83. Matumizi ya fedha taslimu ni 22 − 4 = 18. Basi 111 − 83 − 18 = 10. Jibu ni lile lile, ila hapa mwenye duka anaona 83 zilizokwenda kwa wauzaji, namba ambayo ripoti ya kwanza haina popote. Hiyo ndiyo namba ya kukaa nayo unapopanga malipo ya mwezi ujao.

Kabla ya kuiamini ripoti ya QuickBooks, rekebisha haya. Limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya uchakavu uliokwisha kuhesabiwa, ni akaunti ya mali za kudumu, hivyo programu huliweka kwenye sehemu ya uwekezaji (kununua na kuuza mali za kudumu) badala ya uendeshaji (biashara ya kila siku). Fedha za uendeshaji zinapungua kwa 4 na za uwekezaji zinapanda kwa 4, wakati hakuna hata shilingi iliyotembea. Ingia Edit, Preferences, Reports & Graphs, Company Preferences, bonyeza Classify Cash, ulihamishie kwenye uendeshaji. Akaunti ya simu inayopokea malipo ya wateja nayo iwe ya aina ya Bank. Ukiifungua kama Other Current Asset (mali nyingine ya muda mfupi), salio lake halihesabiwi kuwa fedha, na kila shilingi iliyobaki humo itaonekana kama imetumika. Gari lililonunuliwa kwa mkopo wa muuzaji ni kosa gumu zaidi: likiingizwa kwa wadai wa kawaida, fedha za uendeshaji zinavimba bure. Deni hilo lipe akaunti yake.

Kwenye Excel shida ni nyingine. Ukijumlisha taarifa za benki na za simu, fedha zilizohamishwa kutoka simu kwenda benki huhesabiwa mara mbili, kama mapokezi na tena kama malipo. Zifute kwanza. Rejesho la mkopo ligawe pia: riba mstari wake, mkopo wenyewe kwenye ugharamiaji, yaani sehemu ya mikopo na mtaji.

IAS 7, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mtiririko wa fedha, inaruhusu njia zote mbili, lakini inahimiza ya moja kwa moja. IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa cha kuwasilisha hesabu, inayoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza 1 Januari 2027 au baada yake, inataka njia isiyo ya moja kwa moja ianze na faida ya uendeshaji, na kwa kampuni nyingi riba iliyolipwa iende kwenye ugharamiaji. QuickBooks huanza na faida halisi, ambayo riba imeshatolewa ndani yake. Kampuni inayofuata viwango hivyo vya IFRS kikamilifu itaihamisha riba hiyo kwa mkono.

Kwa hesabu za mwaka, tumia QuickBooks baada ya marekebisho hayo. Kila mwisho wa mwezi tengeneza ya moja kwa moja, na jumla za uendeshaji zikitofautiana hata kwa shilingi moja, anza kutafuta kwenye fedha zilizohamishwa kati ya simu na benki, ambazo huenda ulizifuta upande mmoja tu.